Kabuluku Jike na Mwito wa Kwanza

Sisi tuliokulia Kamina wakati ule filimbi ya treni ilipoamsha mji kabla ya majogoo, tunaujua udongo wa kichuguu. Mwekundu, unanata, ukikauka haupasuki. Baba zetu waliufyatulia matofali, mama zetu wakatengeneza mafiga, na sisi watoto tukafinyanga wanyama. Wa rika langu mtanisahihisha, maana minyi masomo niliachia mwaka wa pili ili nibebe mdogo wangu mgongoni. Mambo nayashika kwa kichwa tu.

Mchezo ulikuwa hivi. Kila mtoto alikuwa na mnyama wake kutoka hadithi za bibi: chui, mamba, kobe, bundi. Alimfinyanga, akamtia macho ya punje za mahindi, na roho ya yule mnyama ikawa yake. Ukishika chui, unatembea kichui, unanguruma, hata kugombana unagombana kichui. Lakini kila mnyama alikuwa na kijila, mwiko wake. Mwenye mamba halii mbele ya watu. Mwenye kobe hakimbii, hata mvua imfikie njiani na unga wa mama kichwani. Ukivunja kijila, mnyama wako anapondwa kwa jiwe, wote wakitazama. Na kila mnyama alikuwa mmoja tu.

Mkubwa wa mchezo alikuwa kaka yangu Banza, niliyemwita yaya, yaani mkubwa wangu. Yeye alishika kabuluku, yule paa mdogo mwenye akili. Bibi alisema chui aliiga sauti ya mama yake kabuluku ili amkamate, lakini kabuluku akanyamaza, akangoja aitwe tena, kwa sababu chui hana subira ya kuita mara mbili. Basi kijila cha kabuluku kilikuwa hicho: ukiitwa mara ya kwanza, usijibu. Baba alifikiri Banza ana ugonjwa, akamtia mafuta ya mawese ya vuguvugu masikioni wiki nzima. Banza akavumilia, mafuta yanamtiririka shingoni.

Nilitaka mnyama kuliko nguo ya Noeli.

"Yaya, unipatie na minyi nyama."

"Nyama zimeisha."

"Nitatengeneza ingine."

"Weye Numbi? Kinywa yako haifungake! Nyama itakukimbia hata mbele ya kukauka."

Wavulana wakacheka mpaka mwenye bundi akaanguka. Nilikwenda kulia nyuma ya choo, nasema kweli.

Sasa, alasiri moja mchungaji wetu alikuja kutusalimia, akawakuta wanyama wamepangwa ukutani. Uso wake ukabadilika.

"Hii ni nini, masanamu?"

Baba alikuwa karani, mtu wa kwaya, mwenye kola safi. Akaanza kuinyoosha kola hiyo. Mama hakuacha hata kusonga bukari, ugali wetu. (Na bukari ya mama, pamoja na samaki mkavu wa Malemba! Lakini tuendelee.) Akasema tu:

"Ni safina ya Noa, Mchungaji."

Mzee akainama, akatazama tena, akaanza kutabasamu. "Lakini Noa aliingizaka bawili-bawili. Siku ya Yenga mulete kanisani, kila nyama mwanaume na bibi yake."

Alipotoka, vita. Chui wawili! Roho itagawanyika vipi? Tena hakuna mvulana aliyekubali kubeba jike. Nikasimama katikati yao.

"Minyi nitabeba kabuluku mwanamuke."

Banza alinitazama sana. "Utashika kijila?"

"Nitashika."

"Ukijibu mara ya kwanza, hata siku moja tu, minyi mwenyewe nitamuponda."

Nikamfinyanga, na kwa kutomjibu mama mara ya kwanza nilikula makofi yake siku tatu. Siku ya Yenga, Jumapili, ikafika. Mchungaji alituita mmoja mmoja tulete wanyama mbele, na kila aliyeitwa akaruka; zamu ya Banza ilikuwa bado. Kisha: "Numbi!"

Nikanyamaza. Mama akanifinya paja, baba akanitolea macho kutoka kwaya. Jasho la mkono likaanza kulowesha udongo. Kama angepita kwa mtoto mwingine, kabuluku wangu angebaki nje ya safina, basi. Mchungaji akakunjua karatasi yake, akaikunja tena.

"Numbi, mutoto yangu, uko wapi?"

"Niko hapa, Mchungaji!"

Nilipigwa nyumbani, sawasawa. Lakini Banza aliwaambia wote: "Huyu ndio mwenye kabuluku. Muntu asimuguse."

Juzi mjukuu wangu na wenzake walikuja na karatasi na dadu, wanatengeneza mchezo wa roho za wanyama. "Nkambo, kabuluku ana nguvu ngapi?" Nikawaeleza kijila, wakakiandika kama pointi tatu. Wanacheza wamekaa, kutwa nzima, miguu haipati hata vumbi. Mama zao wakiwaita hawajibu mara ya kwanza, wala ya tano, na hawana kijila chochote!

Banza, mpaka uzee wake, alinipigia hodi kwa kuniita mara mbili. Tumemzika. Wajukuu wananiita mara moja tu kutoka mlangoni, wanasema masikio ya nkambo yamekufa, wanakwenda. Nami nabaki nimekaa, ninangoja ya pili.