Barua ya chifu ilivyokaribia kumnyima binti yetu scholarship ya Marekani

Wakuu, hamjambo huko mliko? Niko Ruiru, mikono ina unga, na habari niliyo nayo siwezi kuikalia. Ni ya kweli yote. Anayeshuku aje bakery nimwonyeshe barua.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa diploma. Diploma ya catering, na siionei haya. Niliingia Marekani na hiyo diploma na sanduku moja, nikarudi na pesa ya kununua oven mbili. Leo mikate yangu inaliwa mpaka Mwihoko. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Kule nilifanya kazi miaka minane katika jiko la chuo kikuu cha umma. Nilikuwa napakua mayai, lakini masikio yalikuwa kwa wanafunzi.

Nikajifunza hivi. Chuo cha umma ni cha jimbo lake. Mtoto wa jimbo hilo analipa karo ya chini. Anayetoka jimbo lingine analipa juu sana, na sisi wageni kwa kawaida tunahesabiwa pamoja naye.

Lakini kulikuwa na watoto wa mbali waliolipa kidogo kuliko wenyeji! Nikauliza. Wakaniambia ni merit. Chuo kinatafuta vichwa vizuri kutoka nje, kwa hivyo kinawapunguzia karo. Vyuo vingine huweka jedwali wazi kwenye website: ukiwa na alama hizi, unapunguziwa hivi.

Na si vile vyuo maarufu mnavyovijua nyote. Ni vile ambavyo ukivitaja kanisani watu wanauliza, "Hiyo iko wapi?"

Sasa, dada yangu Nyambura anauza viatu vya mitumba Thika, na anaishi mtaa wa Landless. Kitinda mimba wake ni Wangari. Ananiita tata, kama Wakikuyu wanavyomwita dada ya mama. KCSE, mtihani wa kumaliza form four, alipata A minus. Akaomba chuo kimoja cha umma kusini mwa Marekani, akakubaliwa. Ila barua ilikuja na karo kamili ya mtu wa nje.

Nyambura aliitazama akasema, "Hii ni ya kuweka kwa frame."

Alikuwa ameshamwambia mtoto akubali kozi aliyopangiwa hapa nyumbani, kozi ambayo Wangari hakuitaka hata kidogo. Yeye anataka hesabu. Tumaini lililobaki lilikuwa fomu moja ya merit scholarship, na ilikuwa inafungwa Ijumaa.

Jumanne wakaja bakery, mama na mtoto, na bahasha kubwa ya khaki. Nikasoma essay. Ilianza hivi: "Mimi ni mtoto kutoka familia isiyojiweza..."

Nyuma yake kulikuwa na barua ya chifu, barua ya pastor, na picha ya paa lao linalovuja.

"Wangari, hii ni nini?"

"Ni ya kuomba scholarship, tata."

"Hii ni ya kuchanga mazishi!"

"Lakini chifu amegonga muhuri mara mbili," Nyambura akanijibu, amekasirika. "Unajua nimepanga foleni kiasi gani?"

Wakuu, hapa nisimame kidogo. Sisi tumezoea bursary. Tangu form one mtoto anafundishwa kuwa pesa ya shule inapewa anayelia vizuri. Report form anaificha, paa bovu analitanguliza. Na bursary ni haki yake, sikatai. Hata Marekani kuna msaada wa wasiojiweza, na huo una fomu zake. Lakini merit haikuulizi umekosa nini. Inauliza unaweza nini.

Nikamwuliza mtoto, "Umefanya nini maishani mwako?"

"Sijafanya kitu, tata."

"Msichana hajisifu," mama yake akadakia. "Tumemlea vizuri."

"Nyambura, mimi nisingejisifu ningekuwa bado nasugua sufuria za Wazungu."

Nikambana mtoto kwa maswali. Jumamosi unaenda wapi? Mtaa wa mabanda wa Kiandutu. Kufanya nini? Kufundisha watoto hesabu. Tangu lini? Form two. Wangapi? Walianza wanne, sasa ni thelathini na mmoja. Hana vitabu vya kuwatosha, kwa hivyo anawafundisha fractions kwa vifuniko vya soda alivyovipaka rangi.

"Ngai! Na hukuandika?"

"Hiyo si kitu, tata. Ni kusaidia tu."

Nikachukua laptop, nikaandika mwenyewe. Niliandika maneno matamu! Mwanahisabati bora wa Kiambu nzima, mkombozi wa watoto wa mitaani.

Wangari akasoma, akaifuta yote mbele ya macho yangu.

"Tata, umejisifu wewe. Mimi sijakomboa mtu. Nimefundisha thelathini na mmoja."

Nyambura alicheka mpaka akakalia gunia la unga. Nilikasirika, lakini ukweli ni kwamba essay aliyoandika mtoto, kavu, yenye vifuniko na majina ya mada, ilikuwa bora kuliko yangu. Msimwambie.

Jambo moja nililofanya mimi na najivunia: jedwali la chuo lilitumia alama za Kimarekani, KCSE haikutajwa. Wengi wangekata tamaa hapo. Nikamwambia aandike email aulize. Wakajibu kwa adabu kesho yake: tuma result slip, tutaitafsiri sisi. Akatuma, na Alhamisi fomu ikaenda.

Tukangoja wiki nyingi.

Jibu likaja asubuhi moja Wangari na mama yake wakiwa bakery, nayo imejaa wateja. Wangari alisoma kimya, akanipa simu. Wamemwondolea ile nyongeza ya mtu wa nje, yote, kisha wakampunguzia nusu ya iliyobaki! Miaka yote minne, mradi alama zisianguke. Analipa chini ya mtoto aliyezaliwa kule!

Nilipiga kelele, mkate ukaungua. Nyambura akasogea. Alimshika binti yake uso kwa mikono miwili, akamwambia polepole, "Nenda ukasome hesabu yako."

Chakula na malazi havimo, nisiwadanganye. Hayo tumegawana kama familia, na fungu kubwa ni langu.

Somo: tafuteni vyuo visivyo na jina kubwa, ombeni mapema, ulizeni kwa email hata mkiona aibu, na msipeleke machozi mahali wanapotaka kazi.

Sasa zamu yenu. Una mtoto form four? Andika hapo chini kitu kimoja anachokijua vizuri. Kimoja tu, na hesabu yake. Nitasoma zote.