Kofi la Jukwaani

Mama yangu hadanganyiki na kofi la jukwaani. Leo kanithibitishia.

Nilikuwa Malaz, mtaa wa huku ughaibuni ninakofanya kazi, kwa Mira, muuguzi mwenzangu. Bibi yake na wanawe walizunguka mji kwa mji wakiigiza kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya.

Mira akaniwekea filamu yao ya zamani. Bibi anamzaba kofi mwanamume anayeigiza mkwe wake.

Mama, mwigizaji wa vichekesho huko Unguja, alikuwa akitazama nasi kwenye simu.

"Huyo mwanawe wa kumzaa," akasema. "Mtoto wa watu humpigi vile."

Nikamtafsiria Mira. Akamwonyesha kwa kidole yule mwanamume.

"Ni baba yangu."

Watoto wa wasanii, mko wapi? Mimi bado nimeshika shavu. Miaka yote niliyoigiza na mama, nilidhani mkono ulimteleza.