Wanajeshi wa Plastiki Walioingia Ukweni Kabla Yangu

Hii aibu ningeizika kama ingekubali kuzikika, lakini watu wa Kathiani wameisimulia mpaka imenifuata Athi River ninakofanya kazi, na kila anayeipokea anaongeza chumvi yake (kuna mmoja anaapa kwamba nilienda ukweni na fuvu la mtu), kwa hivyo heri niwaambie mwenyewe vile ilivyokuwa, mcheke mpaka mshibe, halafu tuendelee na maisha.

Yote yalianza na kiboksi. Nilikiokota kwenye mitumba pale Machakos mjini, chini ya rundo la viatu vya watoto, kiboksi cha zamani kilichofifia rangi, juu yake picha ya wanajeshi wa ile vita kubwa ya Wazungu wakikimbia na bunduki, na ndani yake wanajeshi wenyewe, wa plastiki, wadogo kama kidole, ambao hawajaunganishwa bado: mikono huku, vichwa kule, miguu imeshikana kwenye fremu, na kazi yako ni kuwakata kwa wembe, kuwagandisha kwa gundi na kuwapaka rangi. Najua mnawaza nini. Mtu mzima na ndevu zake anacheza na vidoli! Lakini babu yangu alichukuliwa akapelekwa vita hiyo, akabeba redio ya jeshi mgongoni huko Burma, na humo ndani kulikuwa na mmoja aliyebeba redio mgongoni. Nilipomwona nilisimama pale kwenye mitumba kama mjinga. Basi ikawa kila Jumapili nikitoka kanisani najifungia chumbani kuwaunda, uso nawapaka rangi ya kahawia kama yetu, mikanda ya bunduki nawatengenezea kwa nyuzi nyembamba, na nikawapenda kwa namna ambayo sikumwambia mtu.

Sasa siku ya ntheo ikafika. (Kwa asiyejua, ntheo ni wale mbuzi ambao Mkamba anapeleka kwa akina msichana, na mmoja anachinjwa hapo hapo, watu wa pande zote mbili wanamla pamoja, na kama hajaliwa, hata mkae miaka na mzae watoto, kwa wazee huyo si mke wako.) Msichana wangu ni Mwende, wa Kathiani, na nilikuwa nimemngoja vya kutosha. Wanajeshi nilikuwa nimewabeba kutoka Athi River mpaka kwetu Muthetheni, kwa sababu chumba changu ni cha mabati na joto lile lingewakunja, na asubuhi ya safari gundi ilikuwa bado haijakauka, na nyumba yetu imejaa jamaa wanaokalia kila kitu kinachokalika. Nikaona nisiwaache. Nikakitia kiboksi, na chupa ya gundi ndani yake, katikati ya leso, ndani ya katoni ya zawadi za mama mkwe, mahali laini pasipo na kutikisika, nikijiambia tukifika nitakichomoa kabla mtu hajashusha kitu. Hilo tu. Wazo dogo la mtu anayejiona ana akili.

Tulipofika langoni, kabla hata gari halijazimwa, wanawake wa kwao walitoka wakiimba, wakapokea mizigo yote, wakaingia nayo ndani wakicheza. Niliiona katoni yangu ikienda juu ya kichwa cha mtu.

Na hapa ndipo mjue shida yangu. Siku ya ntheo kwetu kijana hana mdomo. Unakaa katikati ya wazee wako, umeinamisha kichwa, na neno lolote lako linasemwa na msemaji, na msemaji wangu alikuwa Uncle Muasya, ndugu yake baba, mtu anayependa kuhutubia kuliko kula. Nikamvuta koti.

"Uncle, ile katoni ya leso..."

"Nyamaza."

"Iko na kitu yangu ndani."

"Kijana, unataka waseme hatukukufunza?" akaninong'oneza kwa meno, halafu akainuka na kuanza kueleza ukoo wetu tangu mwanzo wa dunia.

Nilikaa pale natoka jasho. Maombi yakaombwa, marefu. Wazee wakaulizana na kujibiana. Nje, upande wa jikoni, mbuzi ameshachinjwa na anachomwa, harufu nzuri inaingia uani tulipoketi, na mimi sikuijali, kwa sababu akina mama walikuwa wameshatandika mkeka mbele yetu na wanafungua zawadi moja moja, kila kitu kinainuliwa juu kionekane na vigelegele vinapigwa. Sukari, vigelegele. Blanketi, vigelegele. Halafu Auntie Syombua, dada yake baba mkwe, mama mmoja mkavu mwenye macho ya kuona mpaka ndani ya mfuko wako, akaivuta katoni ya leso. Leso ya kwanza, vigelegele. Ya pili, vigelegele. Mwende alikuwa ameketi kando ya mama yake, amependeza, ananitupia macho ya kuiba, na mimi nilishindwa hata kutabasamu.

Kiboksi kikatoka. Auntie akakifungua akitabasamu, vigelegele vikaanza, halafu vikakatikia hewani.

Ngoja niwaeleze alichokiona, kwa macho yake, si yangu. Aliona watu wadogo weusi, wengine hawana mikono. Aliona vichwa peke yake, vimechomekwa juu ya miiba ya mgunga kwenye kipande cha godoro (ndivyo ninavyoshika kichwa nikikipaka rangi, vijiti vya meno vinavunjika). Aliona mmoja amefungwa bandeji yenye doa jekundu. Na aliona, kwenye mabega yao wote, nywele.

"Ngai wakwa, Mungu wangu," akasema polepole. "Huu ni uoi."

Uoi ni uchawi. Neno hilo halitamkwi ovyo kwetu, na likitamkwa mbele za watu halirudi. Mama mkwe alisimama wima. Mtu wa kanisani huyo, kiongozi wa akina mama. Baba mkwe, Mzee Kioko, aliweka tu kikombe chake chini.

Auntie akainua mmoja, akauleta ule mkanda wa bunduki karibu na macho, halafu akamgeukia Mwende. "Hii si nywele yako? Hii maroon si ile rasta ulikuwa nayo Krismasi?"

Ilikuwa yenyewe. (Rasta ni nyembamba, ni imara, na rangi yake ilikuwa inakaribia ngozi ya mkanda. Sikuona ubaya.)

Uncle Muasya, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikosa la kusema. Akanitazama. Kila mtu akanitazama. Basi nikafungua mdomo ambao siku hiyo sikuwa nao.

"Hao si uchawi," nikasema. "Hao ni watu walikufa zamani."

Wanawake wakarudi nyuma.

"Namaanisha ni wanajeshi! Ni wa vita. Hata huyu hapa," nikamwonyesha yule wa redio, "huyu ni babu yangu."

Mtu mmoja nyuma akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Kila neno nililoongeza lilikuwa linanizamisha, nilijua, na sikuweza kunyamaza.

"Na nywele za mtoto wangu ulizitoa wapi?" Mama mkwe akanisogelea.

"Mwaitu, mama, alizifumulia kwangu, zikabaki."

"Kwako wapi?"

Nikajua nimekwisha. Mama huyo aliamini kwamba Mwende akija Athi River analala kwa binamu yake. Mwende alifunika uso kwa leso. Katika maisha yangu sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama dakika ile, na nilimwonea yeye huruma kuliko nilivyojihurumia.

Mzee Kioko ndiye aliyetuliza. Aliinua mkono, pakawa kimya, tukabaki kusikia moto tu.

"Kijana. Unasema hizi ni doli za plastiki?"

"Ndiyo, nau," nikasema, nikimwita baba.

"Hakuna mtu anaweza kushindwa kuchoma doli. Choma hapa tukiona, halafu tuendelee. Ukishindwa, rudi na mbuzi zako, na huyu msichana usahau."

Ilikuwa haki kabisa, hata mimi niliona. Nilichukua kiboksi. Nikawatazama. Miezi yote ile, Jumapili zote zile, na kiboksi kingine kama hicho sitakipata tena duniani, na yule wa redio nilikuwa nimemmaliza uso wiki hiyo, ametoka amefanana na ile picha moja ya babu tuliyo nayo.

Mwende akasimama. Akatoa leso usoni, macho mekundu, mbele ya watu wote wale.

"Mutua. Choma."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Wote?"

Nikaongeza, "Hata wa redio?"

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba nilipoinua macho na kuona uso wake niliingiwa na hofu ya kweli, nikakimbia kuonyesha kwamba mimi si mtu wa kusita, nikakimbilia moto wa kwanza nilioona, nikamwaga kiboksi chote, watu, vichwa, miiba, godoro na chupa ya gundi.

Ulikuwa moto wa mbuzi. Gundi ililipuka puu, moshi mweusi ukapanda, wanaume waliokuwa wakichoma wakatawanyika wakikohoa, na plastiki ikayeyuka ikadondoka kwenye makaa chini ya nyama yote ya ntheo. Walipoiokoa ilikuwa nyeusi na inanuka kama tairi. Mzee Kioko alikata kipande, akakinusa, akakirudisha.

"Hii hailiki," akasema. "Na kama haijaliwa, hakuna ntheo. Mtarudi siku nyingine."

Tulirudi Muthetheni na njaa.

Siku nyingine ilifika, baada ya mavuno, mbuzi mwingine, katoni zikapekuliwa langoni na Auntie Syombua mwenyewe, nyama ikaliwa, Mwende ni mke wangu. Yale ya uoi wameshayafanya kichekesho. Mama mkwe akiniona na mfuko ananiuliza kama jeshi limefika, na Auntie ndiye anayecheka zaidi. Yale ya kwa binamu yalichukua muda mrefu kidogo, lakini yakapita.

Kilichobaki ni kule kusita. Mwende hajawahi kuniuliza habari ya uchawi hata mara moja, anachonikumbusha ni ile "Wote?" yangu. Kwa hiyo niliapa kwamba mke wangu akiniuliza jambo lolote, jibu linatoka papo hapo. Wiki iliyopita tulikuwa tunakunywa chai na wageni, akaanza kuniuliza kama mama yake anaweza kuja kukaa nasi kidogo, na hakuwa amemaliza nilipoitikia ndiyo, aje, hata kesho.

Aliweka kikombe chini akanitazama.

"Hiyo haraka," akasema, "ungekuwa nayo siku ile."