Geji Iliyohesabu Kwaya

Niliondoka nyumbani Nkuhungu, Dodoma mjini, kwa sababu ya aibu, sioni haja ya kuificha. Wiki mbili kabla nilimfungia dada mmoja, Debora, geji ya chaji kwenye bajaji yake ya umeme. Debora anaishi kijijini, mbele ya Mvumi, na kila Alhamisi huwapeleka wajawazito kliniki hospitalini Mvumi. Nilipomaliza kufunga nilijipiga kifua: "Dada, kuanzia leo usibahatishe. Iamini namba." Akaiamini, maskini. Alhamisi iliyofuata bajaji ilizima katikati ya pori wakati wa kurudi, huku geji ikionyesha asilimia tisini na saba, na ndani alikuwemo Joyce mwenye mimba ya miezi minane. Joyce alimalizia safari kwenye mkokoteni wa punda.

"Fundi Hamisi," Debora aliniambia kwenye simu, "akina mama wamenigomea. Alhamisi hii wasipopanda, naiuza hii bajaji nirudi shamba."

Jumatano, saa moja asubuhi, nilifunga begi la vifaa nyuma ya pikipiki. Nilizunguka kwanza Mkonze kwa jamaa anayeuza vipuri, nikachukua waya mnene na viatu vyake vya shaba vya kubana ncha. Kosa lenyewe sikulijua bado, lakini mimi siendi mbali bila waya. Kazi yangu ni sola za majumbani, taa nne na televisheni. Bajaji ya Debora ndiyo ilikuwa ya kwanza kwangu. Hilo nalo sikumwambia.

Saa nne nilikuwa kwenye vumbi. Uwele ulishavunwa, mabua yamelala, na upepo wa Dodoma ule unaojua kuingia hata kwenye soksi ulinisindikiza njia nzima. Kwenye korongo la mchanga nilishuka nikaisukuma pikipiki. Nikamfikiria Joyce na tumbo lake mahali pale, nikajisikia vibaya sana.

Saa sita kasoro nikafika. Debora alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Mbukwenyi!" nikamsalimu kwa Kigogo changu cha mtu wa Tanga.

"Mbukwa! Haya, nawa mikono ule. Fundi mwenye njaa atanichomea nyaya." Akaniwekea ugali wa uwele na mlenda. Nilikula kwa haya, maana nilikuja kukemewa, si kukaribishwa.

Tulipokuwa tunakula akanieleza jambo. Namba ya geji, alisema, haikushuka kabisa akiendesha kimya kimya. Ilishuka pale tu alipofungulia redio abiria wasikilize kwaya. Basi kijiji kizima kilikwishakata shauri: kwaya inakula chaji. Abiria walimkataza redio, na mzee mmoja wa kanisa akashauri wajaribu nyimbo zenye ngoma kidogo.

Nilicheka mpaka mlenda ukanipalia. Halafu kicheko kikakauka, maana hapo hapo nilijua nimefanya nini.

Geji ile ina kipande cha shaba, mafundi tunakiita shanti, kinachofungwa kwenye upande hasi wa betri. Kinahesabu umeme wote unaopita ndani yake. Usiopita hapo, hakiujui. Mimi, kwa woga wa mtu wa taa nne, niliuona waya wa mota ulivyo mnene nikadhani utakiunguza kile kipande. Nikauacha umefungwa moja kwa moja kwenye betri, nikapitisha kwenye shanti taa, honi na redio tu. Kwa hiyo mota ilikuwa inakomba betri na geji haina habari. Ilikuwa inahesabu kwaya.

"Kosa ni langu, dada," nikasema. "Kwaya haina dhambi."

"Ningejua ningekunyima mlenda," akajibu, lakini alikuwa anacheka.

Alasiri nzima nilikuwa chini ya kiti cha bajaji. Nilizima umeme, nikaondoa kila waya kwenye ncha hasi ya betri, nikaacha mmoja tu, ule mnene wa Mkonze, kutoka betri hadi shanti. Mota, taa, redio, hata chaja, vyote nikavihamishia upande wa pili. Tukazungusha bajaji uwanjani. Namba ikashuka, redio ikiwa imezimwa! Debora akapiga kigelegele, na mimi nikapumua. Tukaiacha kwenye chaja hadi asubuhi.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu, Joyce alikuja na mama mkwe wake, Bibi Tabita, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyemlaza mkwe wangu kwenye mkokoteni?"

"Ndiye mimi, bibi. Nisamehe."

"Msamaha tutauona njiani. Unapanda na sisi. Ikizima, wewe unasukuma, mimi nakaa."

Tuliondoka na asilimia mia. Bibi Tabita aliikodolea macho geji, akisoma namba kwa sauti kila iliposhuka, na kwenye kila mwinuko ananitazama mimi. Korongoni tulivuka na sitini na mbili. Saa mbili tukasimama mbele ya hospitali: arobaini na tatu.

Debora aliisoma namba mara mbili. Tangu betri ilipokuwa mpya alijigamba kwamba bajaji yake inakwenda na kurudi bila kuchajiwa. "Haitoshi kurudi," akasema polepole, kama aliyevuliwa nguo. Nami nikaona nimekuja kumharibia zaidi.

"Sasa unanuna nini?" Bibi Tabita akamwambia. "Siku ile ilitudanganya tukashinda njaa porini. Leo imesema mapema, tena mbele ya maduka. Katafute pa kuchaji, sisi tunaingia kliniki."

Fundi cherehani mmoja akatupatia soketi. Joyce alipotoka, mtoto tumboni mzima na presha nzuri, geji ilikuwa themanini. Tulirudi bila mtu kusukuma chochote.

Ijumaa nilirudi Nkuhungu mdogo mdogo, mgongo unauma, moyo mweupe. Nilikwenda nikidhani namtengenezea Debora geji, kumbe alichokuwa anakosa ni abiria kumwamini, na hilo sikuwa na waya wa kuliunga. Nimejifunza kusema "sijawahi kufanya kazi hii" kabla ya kushika bisibisi. Inauma kuliko nilivyodhani, lakini nimeshaisema mara mbili na wateja hawakukimbia.

Wiki ya pili, asubuhi, Debora akanipigia simu. Uchungu ulikuwa umemshika Joyce wakati anachota maji, na Bibi Tabita akaja mbio mpaka kwenye bajaji.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Mimi hakuniuliza kitu, fundi. Kaangalia namba, kamwambia Joyce, panda."