Sifuri Kumi za Kichangani

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeufanya usingizi kuwa pumziko, akanipa mimi mja wake umri wa kusimulia. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Usiku ule nililala na ukaidi kifuani. Kwa miaka mingi marehemu mke wangu, Mama Salma, ndiye aliyekusanya vipimo vya mvua vya vijiji vyetu vitatu, Bondeni, Kichangani na Mlimani, na kuvipanga kwenye kompyuta. Alinifundisha kazi hiyo uzeeni, na tangu afariki naifanya peke yangu. Kesho yake asubuhi orodha yangu ilitakiwa wilayani, iamuliwe kijiji gani kipewe mbegu za msaada. Jioni ile Bwana shamba wa Kichangani, niliyekuwa nimempelekea nakala, akanipigia simu.

"Mzee, karatasi yako inasema sisi tumenyeshewa. Huku kuku wanaoga vumbi!"

"Kompyuta haisemi uongo, mwanangu."

"Basi ije itutekee maji."

Nikakata simu. Nikasali Isha, nikalala upande wangu ule ule wa kitanda, ingawa sasa chote ni changu.

Ndipo Mama Salma akaja ndotoni. Alikuwa ameketi kwenye msala wake, tasbihi mkononi, wala sikustaajabu. Nikaketi kando yake nikaanza kuvuta uradi kwa tasbihi yangu: Subhanallah, Alhamdulillah, Allahu Akbar, kisha Subhanallah, Alhamdulillah, Allahu Akbar, mbio mbio, kila mara narudi mwanzo. Nyumbani kwetu hatukuzoea hivyo. Tulisema neno moja mara thelathini na tatu, ndipo tukaenda la pili.

Anaweka kidole juu ya punje yangu.

"Baba Salma, unakimbilia wapi? Kila moja likae mpaka litimie."

Sasa tuko mbele ya ubao. Anaandika kwa chaki: Bondeni, Bondeni, Bondeni, hadi mara kumi, ndipo anaanza Kichangani. Vumbi la chaki linaanguka sakafuni, na kuku wanalioga. Nataka kucheka. Lakini chini ya mwandiko wake naona wangu: Bondeni, Kichangani, Mlimani, Bondeni, Kichangani, Mlimani. Mvua ya Mlimani inadondoka juu ya jina la Kichangani, na jina halilowi.

Nageuka kumwambia nimeelewa, nakuta tupo jikoni. Mezani kuna vikombe viwili, kama ninavyoviweka kila asubuhi tangu aondoke.

"Kaa kidogo," namwambia.

Anakichukua kikombe chake, anakifunika kifudifudi taratibu.

"Nilikaa nawe mpaka hesabu yangu ikatimia."

Nikaamka na adhana ya Alfajiri. Upande wake wa kitanda ulikuwa baridi. Nilisali, nikalia kidogo, kisha nikafungua kompyuta. Vipimo vilikuwa thelathini: kumi vya Bondeni, vikifuatiwa na kumi vya Kichangani, kisha kumi vya Mlimani. Mama Salma alinifundisha amri mbili za kurudia majina ya vijiji kando ya vipimo: moja hurudia kila jina mahali pake, nyingine hurudia safu nzima ya majina kuanzia mwanzo. Mimi nilitumia hiyo ya pili, nikawagawia watu mvua isiyo yao. Nikabadilisha mstari mmoja tu. Kichangani ikatokea na sifuri kumi, zimepangana kama punje.

Nikampigia Bwana shamba kabla jua halijachomoza.

"Nisamehe, mwanangu. Kuku wako walisema kweli."

Akacheka. "Nitawafikishia salamu, Mzee."

Orodha sahihi ikaenda wilayani asubuhi ile. Mimi nikachemsha chai, nikaweka kikombe kimoja.

Ewe unayesoma, Mungu akujaalie subira ya kukamilisha kila jambo mahali pake, awarehemu waliokutangulia, na akuondolee upweke siku meza yako itakapobaki na kikombe kimoja. Amina.