Sufuria Mbili za Doyle Tidwell

Usiku ule Nelda Tidwell aliipangusa simu mara tatu. Ilikuwa simu ya ukutani, ya rangi ya njano, na haikuwa na vumbi hata chembe, lakini mtu akikaa jikoni tangu saa moja jioni akingoja simu ilie, mikono hutafuta kazi. Binti yake Twyla alikuwa Lubbock, mwendo wa saa moja na nusu, amelazwa hospitalini tangu adhuhuri kwa uchungu wa kuzaa mtoto wa kwanza. Nelda aliyajua yanayoweza kumpata mwanamke katika saa kama hizo. Yale asiyoyajua aliyabuni.

Mumewe Doyle naye alikuwa macho, ila yeye hakuwa anangoja simu. Alikuwa anakaanga bizari.

"Saa hizi tungekuwa tumeshafika," Nelda alisema.

"Kesho kutwa ni mashindano ya mapishi."

"Nasema tungekuwa tumeshafika."

"Na mimi nasema kesho kutwa ni mashindano. Nyama umemaliza kuikata?"

Nyama alikuwa ameimaliza. Kilo sita za bega la ng'ombe, vipande vidogo vya kulingana, kwa kisu cha mkono, kwa sababu Doyle aliamini kwamba nyama ya kusaga ni ya watu waliokata tamaa. Kifundo cha mkono kilimuuma Nelda mpaka kwenye kiwiko. Pikapu ilikuwa nje, funguo zilining'inia pale msumarini, na angezichukua kama angejua kuendesha. Alijaribu mara moja, kabla Twyla hajazaliwa, akaishia mtaroni, na tangu hapo kila safari ya maisha yake ilisubiri Doyle avae kofia.

Doyle Tidwell hakuwa mtu mbaya, na asemwe kwa haki. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, fundi wa pampu na vinu vya upepo vya kuvuta maji, na hapakuwa na mfugaji karibu na Sorrel, mji wao mdogo, ambaye hakuwahi kumwamsha Doyle asubuhi ya Krismasi kwa sababu ng'ombe hawana maji. Alikwenda. Kanisani hakukosa. Kifaa cha mtu alikirudisha kikiwa kimetiwa mafuta. Hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Lakini kichwani mwake palikuwa na chumba kimoja ambamo akili haikuingia, na humo chumbani palichemka chili.

Chili, mchuzi mzito wa Texas, kwa Doyle ilikuwa nyama, pilipili nyekundu kavu, bizari, kitunguu saumu, mafuta, maji na subira. Kitunguu maji alikivumilia. Nyanya aliziita urembo. Kuhusu maharage, sheria yake ilikuwa fupi: maharage hayaingii kwenye sufuria ya chili.

Sasa mtu angedhani hayapendi. Aliyapenda sana. Kila Jumamosi ya maisha yao Nelda alipika sufuria mbili, moja ya chili na moja ya maharage, akaziweka mezani zikitazamana. Doyle alijipakulia chili kwenye bakuli, akachota maharage miiko mitatu, akayamwaga juu ya chili, akakoroga, akavunjavunja mkate wa mahindi humo, akala mpaka bakuli likang'aa. Mezani ilikuwa halali, jikoni ni dhambi. Tofauti baina ya mtu mwenye adabu na mhuni, kwa kipimo cha Doyle, ilikuwa hatua nne kutoka jiko hadi mezani.

"Zinapikwa kila moja peke yake," alipenda kueleza, "halafu zinakutana kama watu wazima."

Nelda ndiye aliyezipika kila moja peke yake. Ndiye aliyechagua mawe kwenye maharage, akayaloweka, akaosha sufuria mbili, kwa miaka thelathini na mmoja. Doyle alipika mara moja tu kwa mwaka, Novemba, kwenye mashindano ya Sorrel, akiwa amevaa aproni yenye jina lake, na hata hapo alipika kile Nelda alichokikata.

Ndani ya utaratibu huo akaingia Lyle Havlik, mume wa Twyla, kijana mrefu mpole kutoka Nebraska, anayesema asante hata kwa mbwa. Krismasi iliyopita Nelda alishikwa na mafua akalala, na Lyle, kwa wema ambao hakuna aliyemwomba, akaingia jikoni akapika chili kama ya mama yake. Nyama ya kusaga, nyanya, maharage, vyote sufuria moja. Kando yake akaoka maandazi mapana ya mdalasini, yenye sukari nyeupe iliyoyeyushwa juu, kwa sababu kwao Nebraska hivyo viwili havitenganishwi. Tangu shule ya msingi walipakuliwa pamoja kila Ijumaa.

Nelda aliyasikia yote kutoka kitandani. Upawa ulizama, ukapanda, ukasimama.

"Hii nini?" Doyle aliuliza.

"Maharage, bwana," Lyle alisema.

"Nayaona. Nauliza yanafanya nini humu."

"Yanaiva, bwana."

Pengine hata hapo ingepita. Lakini Lyle alikuwa na njaa, akaketi, akalikata andazi la mdalasini, akalichovya kwenye chili, sukari na yote, akalila kwa raha. Doyle aliinuka. Hakupiga kelele. Alikwenda akafungua mlango wa mbele na kuushikilia wazi, yeye ambaye kwa ubahili wa gesi na umeme huzima taa mtu akitoka tu chumbani. Aliushikilia huku upepo wa Desemba ukiingia na joto la gesi likitoka, mpaka Twyla akaelewa, akachukua makoti.

"Huyo," Doyle alisema, "akirudi hapa aje na sufuria mbili, kama watu."

Miezi kumi na mmoja ilipita. Twyla alipiga simu wakati baba yake akiwa kazini, Nelda akamsikiliza akiwa na jicho moja kwenye dirisha la barabarani. Hivyo ndivyo alivyopata habari ya mimba, na mtoto alipoanza kucheza tumboni, na miguu ilipovimba. Kila mara Nelda alimwambia Doyle mezani, na kila mara Doyle alisema, "Vizuri," akaomba mkate wa mahindi.

Simu ililia saa kumi kasorobo alfajiri. Nelda aliinyakua kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Msichana, mama," sauti ya Lyle ilisema, ikitetemeka. "Wote wazima. Kilo tatu na nusu. Ana nywele."

Nelda aliegemea ukuta.

"Twyla anauliza," Lyle akaendelea. "Tunatoka Jumapili. Anataka kupita hapo njiani kwanza, umwone. Lakini anasema hawezi kukaa na mtoto barazani kwenye baridi kama mchuuzi wa brashi anayebisha mlango kwa mlango. Anauliza kama mlango utafunguliwa."

Doyle alikuwa ameingia bafuni. Nelda alisikia maji yakikatika, na kitasa. Hakuwa na wakati wa hotuba.

"Njoo na sufuria mbili, mwanangu," alinong'ona. "Umenisikia? Mbili." Akakata simu.

"Vipi?" Doyle aliuliza mlangoni, akijifuta mikono.

"Msichana. Wazima wote."

Alisimama pale na taulo. Kwa nukta moja Nelda alidhani atavaa kofia. Kisha akasema, "Vizuri," akaenda kuangalia bizari, na akaikoroga muda mrefu kuliko bizari inavyotaka.

Jumamosi kwenye mashindano Doyle alishika nafasi ya saba. Sheria kule ni ile ile aliyoipenda: mwamuzi akikuta punje ya harage kwenye kikombe chako, umetolewa. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kulaumu maharage. Rafiki yake Burl Stegall, aliyeshika nafasi ya pili, alikuja na kijiko kinywani.

"Nasikia umepata mjukuu, Doyle."

"Nimepata."

"Nusu Mnebraska. Sasa maziwa atanyonya yenye maharage ndani, au maharage pembeni?"

Watu walicheka. Doyle alicheka kwa meno tu. Waliporudi na kufika uani, akasema, "Burl anatia sukari. Kila mtu anajua Burl anatia sukari."

Usiku huo Nelda alilala macho akimfikiria yule kijana. Je, alielewa? Angepaswa kusema: moja ya chili, moja ya maharage. Sentensi moja tu ilipungua. Alijiambia kwamba mtu aliyekaa miaka mitatu Texas hawezi kukosa kuelewa. Kisha akajikumbusha lile andazi.

Jumapili baada ya kanisa, saa tisa hivi, mawingu yakiwa chini na taa ya jikoni imewashwa mchana, gari la Lyle liliingia likasimama kando ya dirisha la jikoni. Twyla alibaki ndani na furushi la blanketi kifuani. Lyle alishuka, akafungua buti la gari, akatoa sufuria. Moja kila mkono.

Nelda, nyuma ya pazia, alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu Ijumaa.

Doyle alifungua mlango, akabaki ndani ya mlango wa wavu. "Umekuja na mbili," alisema, na sauti yake ilikuwa karibu na ya binadamu.

"Ndiyo, bwana. Mama alisema mbili." Lyle aliziweka chini barazani, akafunua kwa furaha ya mtu aliyekesha akipika. "Nilidhani mna wageni wengi."

Doyle alisukuma wavu, akainama. Sufuria ya kwanza ilikuwa chili na maharage. Akaitazama. Sufuria ya pili nayo chili na maharage, ila hii maharage yalizidi.

Ndani ya gari mtoto alianza kulia, kilio chembamba kama bawaba kavu.

"Doyle," Nelda alisema.

"Nilisema jambo moja tu. Moja."

"Alinisikia vibaya. Kosa langu."

"Ana masikio." Doyle alirudi ndani, wavu ukajifunga. "Akajifunze."

Nelda alitoka barazani. Alizibeba zile sufuria, moja moja kwa sababu ya kifundo, akazipeleka jikoni akaziweka mezani, kwa kuwa chakula hakiachwi nje. Doyle alimtazama akifikiri ndiyo mwisho wa jambo. Kisha Nelda akavaa koti. Akavaa na skafu. Akachukua mkoba.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mjukuu wangu."

"Hujui kuendesha."

"Lyle anajua."

Akatoka, na nyuma yake akasikia komeo likisukumwa. Aliingia kiti cha nyuma. Twyla alimpa lile furushi. Mtoto alikuwa na nywele kweli, nyeusi, zimesimama, na paji la uso lililokunjamana kama la Doyle akisoma bili ya gesi. Nelda alilitazama lile paji akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akamaliza.

"Nimeharibu, mama," Lyle alisema akiwa kwenye usukani.

"Hujaharibu. Washa gari, tupate joto."

"Tuondoke?"

Nelda alitazama dirisha la jikoni. "Subiri."

Taa ilikuwa inawaka na pazia Nelda mwenyewe alikuwa ameliacha wazi. Doyle alisimama mbele ya meza, mikono kiunoni. Akaondoka. Akarudi. Akafunua sufuria, akanusa. Tangu kutoka kanisani hakuwa ametia kitu tumboni, kwa sababu aliyempikia siku zote alikuwa ndani ya gari. Akachukua bakuli, akapakua. Akaketi. Akachukua bakuli la pili, tupu, akaliweka kando.

"Anafanya nini?" Twyla aliuliza.

Doyle alivaa miwani. Akachovya kijiko, akatoa harage moja, akaliweka kwenye bakuli tupu. Akatoa la pili. Akainamisha kichwa kama fundi wa saa. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuchagua jiwe kwenye maharage, na sasa alikuwa anachagua maharage kwenye nyama, moja moja, bila haraka.

"Mungu wangu," Lyle alisema kwa heshima.

Ilichukua muda. Mtoto alinyonya, akalala. Mwishowe Doyle akawa na mabakuli mawili mbele yake, chili huku, maharage kule, yakitazamana. Aliyatazama yote mawili, akaridhika. Kisha akachukua lile bakuli la maharage akalimwaga lote juu ya chili. Akakoroga. Akavunja mkate wa mahindi humo. Akala. Akasimama, akajiongezea, na safari hii hakuchagua.

Twyla alikuwa amejiziba mdomo kwa blanketi ya mtoto, mabega yakitikisika.

Komeo lilisikika. Mlango wa mbele ukafunguka, na wavu, na Doyle akasimama kizingitini na leso ya mezani bado shingoni.

"Mnangoja nini?" aliita. "Huyo mtoto atapata baridi."

Lyle alinyoosha mkono kuzima gari. Nelda alimgusa bega.

"Bado, mwanangu," alisema, akamrekebishia mtoto blanketi, taratibu, kona baada ya kona. Doyle alikuwa ameushikilia mlango wazi, na joto lote la nyumba lilikuwa linatoka.