Fundi Cherehani na Vifungo vya Sungura

Fundi cherehani wa nyumba ya kona aliishia darasa la saba, lakini kwa mambo ya sungura hakuwa na mpinzani. Miaka kumi na moja daftari lake lilibeba vipimo vya viuno upande mmoja; upande wa pili, nani kazaa na nani, na watoto wa rangi gani. Wenye shahada walicheka, kisha wakaja kumwuliza.

Wifi yake hakuja kuuliza.

"Dume lako jeusi, jike langu jeusi. Watoto sita, mmoja mweupe kama unga! Umeniazima dume chotara, na mtaa mzima nimeuambia. Bado liko bandani kwangu; Jumamosi linaingia chunguni."

"Kaa, wifi. Hasira hasara."

Akamwaga vifungo mezani. Kila sungura, akasema, ana vifungo viwili vya rangi, kimoja cha mama, kimoja cha baba. Naye humpa kila mtoto kimoja, bila kuchagua. Cheusi kikiwepo, cheupe hujificha. Mtoto mweupe ni yule aliyepata vyeupe viwili.

"Dume langu linacho cheupe, sikatai. Na jike lako pia."

"Jike langu? Mama yake mweusi, bibi yake mweusi."

"Na baba yenu alikuwa na nywele tele. Kaka yako, huyu mume wangu, kipara chake kilitoka wapi?"

Wifi alibana kicheko, kikamponyoka kidogo.

"Jike lako likishawaachisha hawa kunyonya, mpeleke kwa dume jeupe la fundi viatu. Kama ni mweusi mtupu, atazaa weusi watupu. Mimi nasema karibu nusu watakuwa weupe. Nikikosea, lile dume langu, chumvi nitaleta mimi."

Maneno aliyasema kwa kidevu juu, lakini mwezi ule wa mimba alishona mkono wa shati wa kulia upande wa kushoto. Alijua bahati nayo ina sauti: watoto wakiwa wachache, weupe wanaweza kukosekana kabisa.

Walizaliwa saba bandani kwa wifi, fundi akiwa ameitwa kushuhudia. Manyoya bado, ila ngozi zilisema: wanne weusiweusi, watatu waridi, ndio weupe wajao.

Wifi alihesabu mara mbili, akamtazama jike lake. "Kumbe mficha siri ninaishi naye." Akalitoa lile dume jeusi bandani kwa masikio, alirudishe.

"Siyo masikio, wifi. Mpakate, matako yalale mkononi."

Akalipakata hivyo hadi nyumba ya kona, akisimama kila mlango kueleza habari za vifungo, nusu akizikosea. Fundi alitembea nyuma yake, hakumsahihisha hata neno.